Jina Lililoitwa Mara Mbili

Chunya, kwenye mabani ya tumbaku
Mwezi wa sita, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Kamwene tena. Waandishi wa barua hutuma salamu nyingi kama mchanga wa pwani, lakini mimi pwani sijafika, siwezi kuusemea mchanga wake. Nakutumia salamu nyingi kama vumbi la Chunya. Hilo nalijua, nimelila miaka minne. Hujambo? Goti lako la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio? Najua baridi ya mwezi huu imeshawakusanya wote motoni. Sijui kama nyumba mpya, hapo kijijini mlipohamishiwa, inashika joto au upepo unaingia bila hodi. Mimi mwili ni mzima. Habari za mwili ndizo hizo, zimekwisha. Kilichonifanya nishike kalamu ni habari za ndani.

Dada Severina, wewe ndiye msomaji, kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza, msomee mama akiwa ameketi, na mwanao awe mgongoni kwa mtu mwingine. Pili, usiruke mstari. Nakufahamu: ukifika penye ubaya unakohoa, halafu unaanzia mstari wa chini. Safari hii kohoa utakavyo, lakini rudi palepale.

Umeshauona mwandiko? Umepinda kama njia ya mbuzi. Barua zangu zote za nyuma zilikuwa na mwandiko mzuri, ule uliolalia kulia, wenye herufi f kama ndoano. Mwaka juzi uliniandikia kwamba mama akipokea barua yangu huiweka kifuani kabla hujaifungua, na husema, "Hii imeandikwa na marehemu." Ukaniambia nisijali, ni uzee. Si uzee. Mama hajui kusoma, lakini barua zile alizisoma kuliko wewe. Ule ulikuwa mwandiko wa mdogo wetu Faustini. Huu ndio wangu. Mtauvumilia.

Nianzie pale barua yenu iliponikuta.

Barua zangu mnazipitishia dukani kwa Bwana Kanji, Mhindi mzee mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa. Niliwaambia ni kwa sababu ofisi ya tumbaku inapoteza barua. Haijapoteza hata moja, maana hamjawahi kutuma huko. Mzee Kanji macho yamemchoka. Kitambaa anakitambua kwa vidole, lakini mtu hamtambui. Barua zikifika anaziinua mojamoja mpaka puani, anaita jina, na anayeitika ndiye anayepewa.

Jumamosi hiyo duka lilijaa kwa sababu kulikuwa na tetesi za sukari. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kiwiko juu ya kaunta.

"Sikujua!" Mzee Kanji akaita.

Watu wakatazamana.

"Sikujua!"

Mchimba dhahabu mmoja nyuma yangu akasema, "Hukujua nini, mzee wetu? Kwamba sukari haipo?" Duka zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Mama, nilicheka kweli, wala si kwa kujificha. Niligeuza shingo kama wenzangu, nikamtafuta huyo mjinga aliyepewa kisingizio kuwa jina.

Mzee Kanji akaileta bahasha karibu zaidi na pua. "Sikujua! Inatoka Iringa hii!"

Hapo nikaacha kucheka. Nilikuwa nimemtafuta mtu dukani, na mtu mwenyewe ni mimi. Nikainua mkono.

"Kumbe ulikuwepo?" akasema yule mchimba dhahabu.

"Nilikuwa naja."

"Unakuja kutoka wapi? Mbona umenizibia njia tangu saa mbili!"

"Mbali," nikamwambia, nikachukua barua nikatoka bila sukari. Sukari yenyewe haikuwepo.

Sasa mama, sikiliza. Hapa Chunya hakuna mtu anayeitwa Sikujua. Jina hilo huishi dukani kwa Kanji, hutoka bahasha inapokuja, halafu hulala. Kazini naitwa Faustini. Unakumbuka baada ya mazishi ulivyokitafuta cheti chake cha darasa la saba kwenye sanduku la bati la marehemu baba? Ulitoa kila kitu nje, ukasema ni panya. Panya ni mimi. Nilikichukua pamoja na madaftari yake manne, nikaja nacho huku, kwa sababu nilisikia wanatafuta watu waliosoma wa kuchambua majani ya tumbaku na kuyapanga kwa madaraja. Karani wa ofisi alikitazama cheti, akanitazama mimi na ndevu zangu.

"Umemaliza darasa la saba ukiwa na ndevu hizi?"

"Nilichelewa kuanza."

Akaandika. Nami hata alichoandika sikuweza kukisoma. Unajua mwenyewe niliishia la pili, ng'ombe wakaniita.

Nilijifundisha. Jioni kabla jua halijazama nilifungua madaftari ya Faustini, nikafuata herufi zake kwa kalamu, juu ya wino wake uleule, kama mtu anayekanyaga nyayo za mwenzake kwenye tope. Nilisoma magazeti yaliyofungia dagaa. Nikaenda hata kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Mwalimu akashangaa, "Bwana Faustini wa darasa la saba, unatafuta nini kwa watu wa a, e, i?" Nikamwambia nakumbushia. Baada ya mwaka nilikuwa naandika vizuri sana, ila sikuwa naandika mimi.

Jina, mama, si kofia kwamba utalivua ukiingia ndani. Nilianza kuziba mdomo kwa kiganja nikicheka, kama alivyokuwa akifanya yeye. Wanakwaya walisikia kwamba Faustini kwao aliimba sauti ya pili, maana niliwahi kujisifu, wakaniweka sauti ya pili. Nikaiweza. Nilikumbuka mtihani ambao sikuufanya, mpaka jasho la viganjani nikalikumbuka. Hata kwa padri niliungama dhambi za Faustini, ambazo ni chache, padri akanisifu. Nikawa kijana wa miaka kumi na saba mwenye mvi mbili kidevuni. Watu walimpenda. Mimi sijui nilikuwa nakaa wapi wakati wote huo.

Nilijijua mahali pamoja tu. Bani la kukaushia tumbaku ni jengo refu la udongo lisilo na dirisha. Majani huning'inia juu mpaka darini, moto uko nje, moshi unapita kwenye mfereji chini. Mchana wa saa sita, wenzangu wakienda kula, nilikuwa nikiingia kukagua rangi ya majani. Humo ndani niliitwa. "Sikujua." Halafu, "Sikujua." Sauti haikutisha, ilikuwa ya mtu anayeomba kitu kidogo. Halafu kimya, na kimya hicho ndicho kilichokuwa kinanitisha. Nilisimama nikihesabu, nikatoka, nikanawa uso. Miaka minne, mama, karibu kila bani linapojazwa.

Sasa narudi kwenye barua yenu. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika. Severina anasema mtoto analia tangu alipozaliwa, na kule zahanati wamempima hawakuona ugonjwa. Kwa desturi yetu mkasema anadai jina la marehemu fulani. Mkamjaribu kwa jina la babu, akalia. Mkamjaribu kwa jina la baba, akalia. Shangazi akasema huyu ni Faustini amerudi, mkamtilia maji utosini na kumwita Faustini, na hapo ndipo alipolia mpaka midomo ikabadilika rangi. Shangazi akasema, "Jina hili halijapumzika. Yuko mtu amelishika." Mkaanza kuwatazama majirani wapya wa kijijini, mkijiuliza nani mchawi.

Waacheni majirani. Aliyelishika yuko Chunya, na limeandikwa kwenye daftari la ofisi.

Hapa tumbakuni yuko mzee mmoja Mngoni wa Songea, Mzee Komba, mchochea moto wa bani letu. Mngoni kwa Mhehe ni mtani, kwa hiyo tangu nifike hajanipa salamu moja isiyokuwa tusi. Siku zote ananiambia jina langu linanipwaya kama kaptura ya mkubwa, na kwamba naitika kabla sijamaliza kuitwa. Kweli, mtu akisema "Fau," mimi nimeshasema "naam." Nilikwenda kuketi naye penye kuni, nikamweleza habari ya rafiki yangu fulani aliyechukua jina la ndugu yake marehemu.

"Huyo rafiki yako," akasema Mzee Komba, "naye ana kovu juu ya jicho kama lako?"

Nikaligusa kovu kabla sijajizuia.

"Nyie Wahehe! Mlipigana na babu zetu mkachoka, sasa mmegeukia kuibia maiti? Nguo ya marehemu hugawiwa matanga yakianuliwa, watu wakiona. Wewe umeivaa hata mwenyewe hajapoa, ukakimbia nayo mpaka Chunya."

"Ilikuwa kwa ajili ya kazi, mzee."

"Mwongo. Kazi ya kubeba kuni haina cheti, ungebeba. Kwa nini ulitaka jina?"

Severina, kohoa sasa, halafu usome.

Mama, siku ile Faustini alipozidiwa, wewe na Severina mlikwenda kumwita mganga wa zahanati. Mliniacha nimwangalie. Alipopata usingizi nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, kugema ulanzi. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata mwanzi wa tatu huuoni. Nikasikia, "Sikujua."

Wewe ulitufundisha tangu tukiwa wadogo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu, maana mzimu huita mara mbili tu; ya tatu hana pumzi nayo. Nikasimama na kisu mkononi. "Sikujua." Hiyo ya pili. Nikangoja ya tatu. Mama, katika maisha yangu yote sijawahi kukutii kama nilivyokutii alasiri ile. Nilingoja mpaka kibuyu kikajaa kikamwagikia miguu yangu. Ya tatu haikuja.

Nilipoingia ndani, mkono wake ulikuwa nje ya blanketi, umeelekea kwenye kikombe cha maji. Kikombe kilikuwa hatua moja mbele ya vidole.

Mliporudi uliniuliza, "Amesema nini?" Nikajibu, "Hakusema kitu." Uongo wangu ulianza hapo. Huo wa cheti ni mtoto wake tu.

Sikulaumu kwa fundisho lako. Wakubwa wote hufundisha hivyo, na wewe ulifundishwa. Lakini sauti niliijua. Nilijua ni ya Faustini tangu mara ya kwanza, nikajifanya sijui, kwa sababu niliogopa kuingia na kukuta nilichokuja kukikuta. Nilijificha nyuma ya fundisho kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Jina ulilonipa kwa mzaha, kwa kuwa hukujua una mimba yangu mpaka ulipokuwa unalima, mimi nililitumia kwa kweli. Sikujua. Nilijua.

Baada ya mazishi, kila mtu aliponiita nilisikia wa pili nyuma yake. Ndiyo maana nilitaka kwenda mahali ambapo jina langu halitaitwa. Na la Faustini nililichukua nikifikiri kwamba kila likiitwa mimi nitaitika upesi, mara ya kwanza, kila siku, mpaka nimefidia zile mara mbili.

Nilimwambia Mzee Komba hayo yote. Alichochea moto kimya, na huyo ni mtu asiyejua kunyamaza. Nikadhani atanifukuza. Halafu akasema bila utani hata kidogo:

"Mjukuu wangu, mdogo wako aliita jina gani?"

"Sikujua."

"Na wewe miaka minne unaitika jina gani?"

Nikaokota ukuni, nikausukumia motoni.

"Basi yule bado anaita," akasema. "Amemwita kaka yake, na kaka yake hajaitika. Anayeitika ni mtu mwingine, tena kwa jina la mwitaji mwenyewe. Wewe ungekuwa ndiye mgonjwa, ungelala?"

Kesho yake saa sita niliingia banini. Majani yalikuwa yamefikia rangi ya asali. Nikangoja. "Sikujua." Ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino. "Sikujua." Nikaitika, "Naam, mdogo wangu. Nipo." Halafu nikaenda kwenye mtungi wa wafanyakazi, nikachota maji kikombe kimoja, nikakiweka chini katikati ya bani. Nilijiona mpumbavu, lakini sikukiondoa.

"Unaongea na nani humo?" Mzee Komba akauliza kutoka nje.

"Kuna mtu nilichelewa kumjibu."

"Funga mlango basi, joto linatoka."

Siku iliyofuata nikaenda ofisini. Karani ni yuleyule wa mwaka ule, sasa ana miwani.

"Nimekuja kusahihisha jina langu," nikasema.

"Limekosewa wapi, Faustini?"

"Lote."

Akavua miwani. "Sasa jina lako nani?"

"Sikujua."

"Miaka minne unaitika hapa, na hukujua jina lako?"

"Ndilo lenyewe, bwana karani. Sikujua. Ndivyo mama alivyoniita."

Akaiweka miwani mezani. Nikamweleza kwamba cheti ni cha ndugu yangu marehemu na kwamba mimi niliishia la pili. Nilitegemea polisi. Akaniuliza swali moja tu: kama barua za maombi nilizowaandikia wenzangu kwa miaka yote hii niliziandika kwa elimu ya darasa la pili. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akakata jina la Faustini kwa rula, mstari mmoja mnyoofu, akaandika langu juu yake. Nilitazama kalamu ikipita. Mama, nilitaka kulia kwa ajili ya lile lililokatwa, ilhali ni mimi niliyeomba likatwe. Kisha akanirudishia cheti, akasema kwa kuchambua majani sifai tena, sheria ni sheria, lakini kwa kubeba kuni hawaulizi mtu kasoma nini.

Sasa nabeba kuni za Mzee Komba mpaka mwisho wa mwezi. Ananiita Sikujua mara mia kwa siku, hata pasipo na sababu. Anasema ananizoeza, kama ndama. Siku za kwanza nilikuwa nachelewa kugeuka. Na usiniulize kama sauti ya banini imekwisha. Juzi sikuisikia. Jana nilisikia kitu, inawezekana lilikuwa jani limeanguka. Leo ni Jumapili, sijaingia.

Kwaya nimeiacha, maana nimejaribu sauti ya pili na haitoki. Ninayo ya kwanza, ileile ya chura. Kucheka nacheka mdomo wazi, wenzangu wanasema nina pengo ambalo hawakulijua.

Mwisho wa mwezi nakuja. Nitapanda lori la hapa mpaka Mbeya, na kutoka Mbeya nitatafuta gari la mchele la Ubaruku au basi, lolote litakalotangulia kuharibika. Nitashukia kule mahameni kwetu, kabla ya kufika kwenu. Najua nyumba mmebomoa na nguzo mmezihamisha, lakini mianzi haihamishiki, wala kaburi. Nitafukia cheti pale kichwani pake pamoja na madaftari, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba jina lake nimelirudisha. Nikimaliza hapo ndipo nitakuja kijijini.

Shida ni kwamba nyumba yenu mpya siijui, na nasikia zote mmejengewa kwa mstari kama askari wa gwaride. Kwa hiyo mama nitasimama barabarani, sitapiga hodi kwa mtu. Ukiwa tayari kuniona baada ya haya niliyoandika, utoke nje uniite. Ikiwa hutaki, kaa ndani. Nitangoja mpaka jioni, nitaelewa, nitaondoka, na sitakulaumu. Ila ukiita, usiite mara mbili ukanyamaza. Nakuomba hilo tu. Ita mpaka ya tatu.

Nisalimieni shemeji, fundi cherehani wa Mlandege, mwambieni kaptura aliyonishonea haijapasuka, mimi ndiye niliyepasuka. Nisalimieni baba mdogo Atilio, mwenye mizinga, na mkewe mama mdogo asiyekubali mgeni aondoke bila kula. Nisalimieni Shangazi Lukresia, mpa majina wetu: alisema kweli, na mwambieni majirani wote hawana hatia. Mama wa ubatizo wa Faustini msimwambie chochote, nitamwambia mwenyewe.

Na wewe Severina, siku hiyo mtoke na mtoto. Msimwite kwanza. Mama aniite mimi. Mkiona nimegeuka kabla jina halijaisha, jueni mikono yangu ni mitupu, sijashika cha mtu. Hapo ndipo mmwite na yeye Faustini, taratibu, mara moja tu, mmsikilize kama atalia.

Ni mimi mwanao, kwa mkono wangu huu uliopinda,

Sikujua